Ndiyo Tatu Kizimbani

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla kichwa hakijanipasuka. Mimi ni msusi, na saluni kwangu hakuna anayeniweza kwa maneno, lakini juzi niliitwa mahakamani kumtetea kaka yangu seremala, anayeshtakiwa kuvunja mlango wa duka la dawa, nami nilikuwepo nikaona aliukuta umeshavunjwa, akawa anaupigilia misumari ili wezi wasirudi, basi nikajua kesi naimaliza mara moja. Mwendesha mashtaka hata hakunifokea, mshauri, alikuwa mpole kama anaulizia bei ya kusuka, "Dada, kaka yako alikuwa ameshika nyundo?" nikasema ndiyo, "Alikuwa mlangoni pa duka?" ndiyo, "Alikuwa anatweta, jasho linamtoka?" ndiyo, na nilipotaka kueleza akasema, "Asante, umeshajibu," watu wakaguna, na kaka akaniangalia kama mimi ndiye niliyemshtaki. Wiki ijayo narudi kuulizwa na wakili wetu. Sikusema uongo hata neno moja, sasa huo uongo umetoka wapi? Naogopa nitamfunga kaka, na bado nataka kujua yule bwana alinifanyaje.

Msusi Aliyeishiwa Maneno

Msusi, pole, ila umenichekesha. Ulichofanyiwa unakijua, maana unakifanya kila siku. Mteja akishainamisha kichwa mikononi mwako, humwulizi anataka mtindo gani. Unamwambia, "Tukuwekee hizi ndogondogo, au siyo?" naye anaitikia, anainuka na nywele ulizozitaka wewe. Mahakamani kichwa kilikuwa chako.

Yule bwana aliuliza ulichokiona, akairuka sababu makusudi. Ndiyo kazi yake. Wewe ukanyamaza kwa adabu, utadhani uko mbele ya baba mkwe. Ungemgeukia hakimu ukasema, "Mheshimiwa, naomba kufafanua." Huenda angekataa, lakini angejua kuna jambo limebaki.

Sasa acha kujililia kwenye kioo. Kesho asubuhi funga saluni, nenda kwa wakili wenu umwonyeshe ulipokatizwa. Usimwombe akufundishe la kusema, uliona mwenyewe. Mwombe akuulize swali lisilojibika kwa ndiyo wala hapana: kaka yako alikuwa anafanya nini na hiyo nyundo? Hapo mtazame hakimu, eleza taratibu, ukimaliza nyamaza. Usihutubu, nakujua kwa barua yako tu.

Kisha rudi kazini. Mteja wa kwanza akikaa kitini, mwulize anataka kusukwaje, na umsubiri amalize kusema.