Mafuta ya Mkanyi kwa Miguu ya Baba

Jumatatu, 2 Juni
Nayeyusha mafuta ya mbegu za mkanyi, mti wa milimani kwetu, tangu asubuhi, nitengeneze krimu ya ngozi. Yakipoa ni magumu kama mshumaa. Nayapenda hivyo hivyo. Yanalainisha ngozi, yanaziba nyufa ili unyevu usitoroke, na yanaipa krimu uzito bila nta. Kopo la kwanza ni la Baba. Kisukari kimempasua visigino. Daktari kasema vidudu vikiingia humo, mguu unaweza kukatwa. Naogopa.

Jumamosi, 7 Juni
Nimepanda mlimani kwa Baba. Baridi kali. Nilimwosha miguu nikampaka ikiwa bado na unyevu, maana mafuta hayaleti maji, yanatunza yaliyopo. Katikati ya vidole sikugusa, pakibaki unyevu panaoza. Alilalamika kwamba yanaganda. Nikamwambia asugue kwa viganja mpaka yayeyuke. Akaguna tu. Mbishi yule mzee!

Jumatano, 18 Juni
Shangazi, anayeishi naye, kapiga simu. Nyufa zinafunga. Nimeimba jikoni peke yangu.

Jumapili, 22 Juni
Sikwenda misa. Shangazi kapiga tena, analia. Unyayo wa kulia wa Baba umejaa malengelenge, mengine yamepasuka. Kumbe kila jioni akishajipaka anasogeza miguu kwenye mafiga, moto uyayeyushe. Ndivyo wazee wote wa huko wanavyofanya na mafuta haya. Ila miguu ya Baba ina ganzi. Aliungua na hakusikia.
Nina hasira naye. Nina hasira na mimi zaidi. Nimekulia kwenye moto ule, na sikumkataza.

Jumatatu, 23 Juni
Tumemshusha mjini, hospitali. Kidonda kinanuka.

Ijumaa, 27 Juni
Wamekata vidole viwili. Mguu umebaki. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikaingia wodini.

Jumanne, 1 Julai
Nimepunguza mkanyi, nimeongeza mafuta ya alizeti. Sasa krimu inayeyuka kwa kuguswa tu. Haihitaji moto. Ningeanza hivi.

Jumapili, 20 Julai
Baba yuko kwangu. Kidonda kinakauka, namshukuru Mungu. Haongei sana.
Jioni nilimpaka mguu wa kushoto, ule usio na kidonda. Taratibu, kisigino hadi kifundo, mpaka krimu ikazama yote. Yeye alikuwa anatazama milima dirishani. Nilipofunika kopo akageuka.
"Hujaanza tu, mwanangu?"
Nikamwambia naanza sasa, Baba. Nikafunua tena.