Ukoo Wetu Hauvunjiki

3 Machi

Shikamoo baba. Natumaini hamjambo, na goti la shangazi limepoa. Naandika kwa kuwa simu ya sauti huisikii, na jambo lenyewe si la kupigiana kelele.

Mjukuu wako amevunjika paja. Ana miezi saba. Nilimwinua miguu kumbadilisha nepi, kama kila siku, nikasikia mlio wa kijiti kikikatika. Hospitali walipompiga picha wakakuta na mbavu mbili zilizovunjika zamani, zimeanza kuunga zenyewe. Sikujua. Mume wangu hakujua. Daktari wa zamu akaita ustawi wa jamii. Sasa namwona mwanangu saa mbili kwa siku, muuguzi kakaa pembeni ananitazama mikono. Tarehe 28 hakimu ataamua kama tunanyang'anywa.

Baba, kwetu kuna mtu aliyekuwa akivunjika hovyo?

Mwanao

5 Machi

Marahaba mwanangu. Sisi wazima, isipokuwa goti la shangazi yako, ambalo siku hizi lina maoni kuhusu kila kitu. Habari ya mtoto imenikata maini. Lakini ugonjwa huo kwetu haupo. Ukoo wetu hauvunjiki. Mpe maziwa ya kutosha, na mumeo mwangalie vizuri. Sisemi zaidi.

Ya huku ni mema. Watu wa mchumba wa mdogo wako wameanza kutuchunguza. Siku moja kabla ya ujumbe wako alipiga simu mwanamke mmoja, shangazi anasema sauti ya kiofisi, akiuliza maradhi ya ukoo. Shangazi akaniandikia maswali kwenye karatasi, nami nikatikisa kichwa: hakuna, hakuna, hakuna. Yeye akaongezea kwamba babu yenu alibeba magunia mpaka siku anakufa. Harusi Juni, tukijaliwa.

Baba yako

7 Machi

Shikamoo baba. Leo siulizi goti, mnisamehe.

Yule mwanamke si wa upande wa mchumba. Ni afisa wa ustawi. Jibu lenu liko kwenye faili, nimelisoma: "Familia ya mama: hakuna historia." Tunaobaki kushukiwa ni mume wangu na mimi.

Daktari wa mifupa haamini kwamba tumempiga. Alivyonieleza, wewe uliyesuka kamba kiwandani miaka thelathini utaelewa kuliko mimi. Mfupa unashikwa na protini iitwayo kolajeni: nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Kila uzi ni mnyororo wa asidi amino, na kila ya tatu lazima iwe glisini, kwa sababu ndiyo ndogo kuliko zote na katikati ya msokoto nyingine haienei. Mahali pamoja tu glisini ikichukuliwa nafasi na asidi kubwa zaidi, msokoto haukazi, na mfupa unakuwa dhaifu. Kosa hilo hurithiwa. Kipimo cha damu kinachukua wiki sita, na hakimu hangoji wiki sita bila sababu.

Akaniuliza: nani kwenu alipoteza usikivu mapema? Nani weupe wa macho yake una ubuluu? Nikakukumbuka wewe. Baba, huo mguu unaochechemea, ulivunjikia kiwandani kweli kama ulivyotuambia?

Mwanao

12 Machi

Marahaba. Si kiwandani. Kiwandani niliingia tayari nachechemea.

Nilivunjika mara saba kabla ya kufika miaka kumi na mitano: paja mara mbili, mkono mara tatu, mguu, mtulinga. Kaka yangu alizaliwa amevunjika, hakumaliza wiki. Bibi yako alitufundisha jibu moja kwa yeyote atakayeuliza, la sivyo nani angeoa kwetu? Hata mama yako, Mungu amrehemu, sikumwambia. Nimelisema jibu hilo miaka hamsini. Swali likija, kichwa kinatikisika chenyewe.

Shangazi anasema nikifungua mdomo sasa, watu wa posa watarudi nyuma. Haiwezekani kungoja Juni ipite? Ujumbe huu usimwonyeshe mtu.

Baba yako

13 Machi

Shikamoo baba. Sitamwonyesha mtu bila ruhusa yako.

Jana wamemhamishia nyumba ya watoto. Mlezi ana watoto kumi na mmoja, anawanyanyua kwa kuwashika kwapani, wote, kama ndoo. Nilimwambia wangu habebwi hivyo. Akasema, "Mama, wewe ndiye wa kunifundisha kushika mtoto?"

Mwanangu hafiki Juni hivi.

Mwanao

26 Machi

Marahaba mwanangu. Nimekaa kimya siku kumi na tatu. Nilikuwa naogopa, hakuna sababu nyingine.

Nilimwambia mdogo wako kwanza. Akanijia juu: "Kumbe! Na mkono wangu uliovunjika darasa la tatu, mliosema ni utundu wangu?" Akampigia mchumba wake papo hapo, mwenyewe. Mchumba alisema atafikiri. Bado anafikiri. Shangazi hasemi nami, na hilo halihitaji masikio kulijua.

Jana nilikwenda hospitali. Daktari alinitazama macho, akanipiga picha za mifupa, akatoa damu. Barua yake na maelezo yangu yenye sahihi vimemfikia afisa leo asubuhi. Nimeandika pia kwamba kwenye ile simu nilidanganya.

Baba yako

29 Machi

Shikamoo baba. Hakimu ameahirisha mpaka majibu ya damu yatoke. Mtoto tumerudishiwa kwa sasa, afisa atakuja kila wiki.

Plasta wameitoa. Yuko kitandani, ananinyooshea mikono nimbebe. Hakuna muuguzi wa kunitazama, na robo saa nzima sijamgusa. Daktari alinionyesha: kiganja kimoja chini ya makalio, kingine nyuma ya mabega na kichwa, vidole vimetanuliwa. Najua. Mikono ndiyo haitaki. Bibi alikuwa anakubebaje?

Mwanao

29 Machi

Mwanangu, alibeba hivyo hivyo, bila daktari kumwonyesha.

Siku moja alinivunja mkono akinivalisha shati. Alilia mpaka majirani wakaja, akawaambia ameungua na sufuria. Kesho yake asubuhi alinibeba tena.

Mbebe.

Baba yako