Dada Ameshagawa Nyumba

Jumamosi, 21 Januari 2017
Zamu yangu ya kufua. Chumba cha mashine kina baridi. Nimesoma kitabu cha historia huku sare za Baba za bohari zikizunguka. Rais mpya wa Marekani aliapishwa jana. Shuleni walituwashia televisheni. Mvulana anayekaa nyuma yangu aliniuliza kama nimeshafunga mizigo. Huwa simjibu mtu. Namchukia mvulana huyo.

Dada Goreti anasafiri tarehe mosi. Alibaki katika kambi ya wakimbizi Kigoma tulipokuja Marekani, kwa kuwa alikuwa ameolewa na kesi yao ya ukimbizi ilikuwa peke yake. Miaka mitano sasa. Atafikia Buffalo kwa Anicet, kaka wa mumewe. Anicet ameshapanga nyumba kubwa Kenmore, pembeni ya Buffalo, na kumnunulia Deo kitanda. Deo ana miaka minne. Sijawahi kumshika.

Jumatano, 25 Januari
Goreti amepiga simu. Jumapili walifanyiwa ibada ya kuaga. Kwetu kambini anayeondoka anagawa vitu vyake, na alichogawa hakidai. Amegawa masufuria, majembe, godoro. Nyumba amewapa watu waliokimbia Burundi mwaka jana. Walikuwa kwenye hema na watoto sita. Yeye, mumewe na Deo wanalala kanisani hadi basi la kuwapeleka kwenye ndege lije.

Mama amemwambia, "Usibebe hata kijiko. Huku vipo." Goreti alicheka hadi akakohoa.

Ijumaa, 27 Januari
Rais ametia saini. Wakimbizi wote wamesimamishwa siku mia na ishirini. Nimeisoma amri yote, maana nyumbani hakuna mwingine anayeweza. Nimewatafsiria jikoni. Baba ameniambia nisome tena, labda nimekosea.

Nimesoma tena. Sikukosea.

Jumapili, 29 Januari
Basi halikuja. Mume wa Goreti anataka akaombe chumba kimoja tu katika ile nyumba. Goreti amekataa. "Nikawaambie nini? Kwamba nilikuwa natania?"

Jirani wetu wa juu ana jina la rais kwenye gari lake. Ndiye aliyetuletea mablanketi siku tuliyofika Louisville. Leo amenipungia mkono. Nimeangalia chini. Blanketi lake bado najifunika. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Jumapili, 5 Februari
Tumesafiri hadi Columbus. Ibada ya pamoja ya makanisa yetu. Mzee Wafula ndiye aliyeongoza maombi. Mkenya, alikuja kusoma, sasa ni mhasibu na raia. Ametutaka tumwombee rais aliyewekwa na Bwana. Watu wakasema amina. Baba pia, kwa mazoea.

Wakati wa chakula Baba akamweleza habari za Goreti. Mzee alikuwa anatafuna chapati.

"Siku mia na ishirini ni kitu gani, ndugu yangu? Wanaangalia tu nani ni nani. Mimi nilikuja na viza, nikapiga foleni. Nyinyi mlishuka na ule mfuko mweupe wa plastiki wanaopewa wakimbizi, umejaa makaratasi, kama mtu ametoka sokoni."

Meza nzima ikacheka. Baba naye akacheka. Hapo ndipo niliposimama.

"Mzee, ulimpigia kura?" Sauti yangu ilitoka ya kitoto. Niliichukia.

"Kura ni siri, msichana wangu." Akajifuta mdomo. "Lakini ndiyo. Kwa ajili ya kanisa."

"Dada yangu analala kanisani. Sakafuni. Na mtoto."

Mama akanishika mkono. "Omba radhi kwa mzee. Sasa hivi."

Nimekataa. Nimekwenda kukaa kwenye gari na kulia, kwa hasira tu. Mama hakunisemesha njia nzima. Sijutii.

Alhamisi, 9 Februari
Majaji wameizuia amri. Anicet ameambiwa huenda wakapewa ndege nyingine. Mama amenipikia maharage kwa ndizi, akaniwekea sahani ya kwanza, kabla ya Baba. Nimeelewa.

Ijumaa, 3 Machi
Hakuna ndege. Muda wa vipimo vya afya vya Deo umeisha wakati wanasubiri. Waanze upya, na hakuna anayejua ni lini. Tarehe mosi Februari vilikuwa bado halali. Mtu mmoja ana kalamu, na mtoto wa Kigoma anakuwa hafai.

Nilitaka kuvunja kitu. Nimevunja penseli. Hata hasira yangu ni ya mtu wa maktaba.

Jumatatu, 3 Aprili
Buffalo. Shule zimefungwa wiki hii. Nimekuja na Baba kumsaidia Anicet kuhama Kenmore. Peke yake kodi ya nyumba hiyo haiwezi. Baba na yeye wameteremsha makochi.

Goreti amepiga. Wamepewa kiwanja pembeni ya kambi, wanafyatua matofali ya udongo mvua ikipisha. Yale ya juzi yameyeyuka. Deo anakanyaga udongo pamoja nao. Nilimuuliza Goreti kama anaumwa mgongo. Akasema kidogo. Akaiweka simu chini bila kuikata, akarudi kwenye udongo.

Nimekaa sakafuni, nimeegemea ukuta. Nawasikiliza wakikanyaga.