Meli ya Ijumaa

Bwiza, 9 Aprili 1999

Twahiru, mudogo wangu wa Kigoma,

Goti la mama limepoa. Jogoo wako tulimuchinja siku ya Idi.

Unajua wachuuzi wote wa hapa wananiuliza mi: "Dada Mwantum, meli za mizigo kutoka Mpulungu zitapita Rumonge lini?" Sikusoma sana, lakini nahesabu upepo, mafuta na siku za kupakia, na kwa miaka mitatu nimekosea mara mbili tu. Nawe nakuandikia kila kadirio. Lakini meli tatu zimeshambuliwa pale ziwa linapobana, siku zilezile nilizokadiria.

Safari hii niliwaambia wa Bwiza kwamba meli itapita Jumanne. We peke yako nilikuandikia kwamba itapita Ijumaa. Jumanne meli ilipita salama. Ijumaa wavuvi waliona watu wenye bunduki wakingoja pale kutwa nzima, na ziwa tupu.

Usiniapie. Apana, mi si kadhi.

Mama anataka kuja kwako kwa meli hizihizi, nimeshindwa kumukataza. Siku yake sikuandikii. Kila meli inayopita, we hesabu kwamba mama yumo ndani.

Dada yako aliyekulea,
Mwantum