Alichosema Rubani

Shamimu,

Maharage yameiva, yaunge tu. Anua nguo mapema, mvua haiko mbali. Nimekwenda Kasense kumsaidia shangazi yako palizi, nitarudi jioni.

~~Flashi itupe.~~ Flashi yenye tamthilia mrudishie Sadick wa banda la muvi.

Sikuondoka kwa sababu ulinicheka. Siku zote nasema filamu za Kizungu ni risasi tu, ila ile tamthilia ya Wakorea wa angani inajua uchungu. Miaka mitatu naiangalia kwa sauti ya mtafsiri wetu, na rubani akikata roho akisema, "Mwambieni mke wangu sikumwacha," nalia. Leo asubuhi ukaniwekea isiyotafsiriwa, ukanisomea maandishi ya chini, ukacheka. Kumbe alikuwa anaomba maji. Ukasema watafsiri wote hutia chumvi ili watu wasichoke.

Sawa. Lakini mwaka jana baba yako alipofariki hospitali, mimi nilikuwa nje, na wewe ndiye uliyetoka kuniambia, "Mama, amesema hajakuacha."

Kama na yeye aliomba maji tu, usiniambie.

Chumvi iko kwenye kopo la bluu.

Mama