Kompyuta ya Sebuleni Nimeondoka Nayo

Wanangu,

Msidhani tumeibiwa. Kompyuta ya sebuleni nimeipeleka kwa fundi. Ile ya chumbani kwa bibi yenu msiiguse. Chai yake iko kwenye chupa, na dawa ameze akishakula.

Jana nilifuta humo vipindi vya zamani vya televisheni ili nipate nafasi ya kurekodi mechi. Nikafuta na kile cha marehemu babu yenu akihojiwa kwenye kibanda chake cha kutengeneza saa, anavyomcheka mtangazaji kwa kuvaa saa iliyosimama. Nilidhani bibi ana nakala yake chumbani. Kumbe hana! Kompyuta yake inaonyesha tu kilichorekodiwa kwenye hii ya sebuleni, kupitia mtandao wa humu ndani. Na aliyeziunganisha ni mimi, mjuaji wenu.

Leo asubuhi bibi akawasha, kama kawaida yake, amwamkie mzee. Hakuna kitu. Akaniita: "Mwanangu, nimebonyeza vibaya?"

Nikamjibu ndiyo.

Akaniomba radhi. Mama yangu mzazi! Akakaa pale kitandani anaitazama mikono yake.

Fundi ameniambia kwa simu huenda kipindi kikarudi, mradi sijarekodi kitu kingine juu yake. Mechi nimeirekodi mwanzo hadi mwisho. Na tulifungwa.

~~Bibi akiuliza, semeni mtandao unasumbua.~~

Bibi akiuliza, mwambieni mikono yake haina kosa. Aliyekosea nitamtajia mwenyewe nikirudi.

Baba yenu