Kibali Changu na Kifungo cha Lonnie Crisp

Tolliver,
Jumatano, 22 Oktoba

Mpendwa Kaka Verlon,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Maxine, na umfikishie hata yule mbwa wenu asiyenipenda. Natumaini goti ulilofanyiwa upasuaji limeanza kukutii, na kwamba umeacha kupanda ngazi kusafisha mifereji ya paa kama kijana wa miaka ishirini. Mimi mwili wangu ni mzima. Milima ya huku imeshageuka rangi, na watu wa mjini wanakuja kuipiga picha na kutuzibia barabara. Mwanangu Bryce na mkewe Kendra hawajambo, na chumba walichonijengea nyuma ya nyumba yao ni kizuri kuliko ninavyostahili.

Najua umepiga simu mara nne na sikupokea. Usimlaumu Bryce, mimi ndiye niliyemwambia aseme nimelala. Kuna kijana wa kanisani kwetu aliyekaa mahabusu siku kumi na sita, nami nimo katika habari hiyo. Jumapili nitasimama mbele ya watu kuieleza, na ni heri uisikie kwangu kabla binamu zetu hawajakupigia. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenionea huruma na kunikatiza, nami ningekuacha unikatize.

Nianzie kwenye kuhama. Unakumbuka siku ile ya Agosti ulipokuja na gari lako la mizigo, nami nikagombana na kila aliyegusa sanduku. Katika vurugu ile nilipoteza kibali changu cha kubeba bastola nguoni. Nilikitoa kwenye pochi ili nisikipoteze, nikakiweka mahali pa salama, na mahali hapo sipajui mpaka leo. Nimefungua masanduku yote. Nimepata kofia ya baba, nimepata risiti za mwaka ambao Bryce alizaliwa, kibali sikukiona. Kwa muda nilimsingizia Kendra kwamba alikitupa pamoja na magazeti ya kufungia vyombo, naye, maskini, akaenda kupekua pipa.

Sheria unaijua. Ukihama una siku thelathini za kumjulisha sherifu anwani mpya, na kikipotea unakwenda kuapa, unapewa kingine. Kazi ya asubuhi moja tu. Lakini mimi ndiye niliyefundisha wanawake kubeba silaha kule nyumbani kwa miaka tisa, pale kwenye ukumbi wa zimamoto, na nilikuwa nikiwacheka waliopoteza vibali vyao. Niliwahi kumwambia mmoja kwamba aliyeshindwa kutunza karatasi hawezi kutunza chuma. Basi niliona haya kwenda kusimama kwenye dirisha la watu nisiowajua na kusema nimepoteza. Nikasema nitakwenda wiki ijayo, na wiki zikapita.

Hapo kanisani wana kikosi cha usalama kama makanisa mengi ya huku, watu sita wanaopokezana mlangoni na kwenye korido ya watoto. Mkuu wao ni Dwight Teague, fundi umeme mstaafu, mtu mwema anayependa sana orodha. Aliposikia nilikuwa mwalimu alifurahi mno, akaniingiza kikosini siku hiyohiyo, ila akataka nakala ya kibali. Nikamwambia nitaileta. Kila Jumapili ananiuliza, "Dada Nelda, ile karatasi yetu?" nami ninamjibu kwamba mashine ya Bryce ya kutoa nakala ni mbovu. Bryce hana mashine ya kutoa nakala. Na nikaendelea kwenda zamu na bastola ya baba kiunoni, bila kibali mfukoni.

Jumapili ya tarehe tano ikatokea hivi. Kuna choo kimoja kidogo karibu na chumba cha watoto, wanakitumia watu wote. Ibada ikiwa inakaribia kwisha, Dwight alikuta kijana anayefanya usafi, Lonnie Crisp, anatoka kwenye korido hiyo ameshika bastola. Aliishika kwa vidole viwili, mtutu wake ukiangalia sakafu. Lonnie akasema ameikuta juu ya kisanduku cha karatasi za chooni, na kwamba kitoto cha akina Buchanan kilikuwa mlangoni kinataka kuingia, kwa hiyo hakuona la kufanya ila kuichukua.

Angekuwa mtu mwingine, tungemshukuru. Lakini Lonnie akiwa na miaka ishirini na mbili alivunja famasi akaiba dawa, akafungwa, na mtu aliyefungwa kwa kosa la namna hiyo haruhusiwi kugusa silaha maisha yake yote. Alikuwa bado katika kipindi cha uangalizi baada ya kutoka jela, amebakiza miezi mitatu. Jumapili alikuwa anasafisha kanisa, siku za kazi anabadilisha matairi kwenye gereji, na kila Jumamosi ya pili anaruhusiwa kumwona binti yake kwa saa nne. Dwight akawaita askari. Alituuliza wanakikosi mmoja mmoja kama kuna aliyesahau yake, na kila mmoja akajibu kwamba anayo. Askari wakamwondoa Lonnie kwa mlango wa jikoni, wakati watu wanapanga vyombo vya chakula cha pamoja.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye ofisi ya sherifu. Dirisha la vibali na mlango wa kuingilia kuona mahabusu viko kwenye ukumbi mmoja, na watu wa huku na wa kule wanakaa benchi moja. Karani alikuwa mama mmoja mchangamfu, Yvonne. Alitazama tarehe niliyohama akaniuliza, "Siku thelathini mbona zimekwisha zamani, mama? Ulikuwa unahama kwa miguu?" Nikacheka naye. Akanipa fomu, nikainua mkono wa kulia, nikaapa kwamba kibali kimepotea, kwamba hakikunyang'anywa, na kwamba kila nilichoandika ni kweli. Kiapo kile kilikuwa cha kweli, Kaka, neno kwa neno, na ndiyo maana nilikitoa kwa sauti kubwa vile.

Nikaambiwa nisubiri wapige picha. Aliyekuwa amekaa benchini ni Bi. Opal Crisp, mama yake Lonnie, anayepika kwenye shule ya msingi. Tunakaa safu moja kanisani. Amekuja na soksi za mwanawe, wamemkatalia. Nikakaa kando yake kwa kuwa hapakuwa na pengine. Hakuniuliza nimefuata nini. Aliniambia tu kwamba gereji wamesema watamngoja Lonnie wiki moja, si zaidi, na kwamba Jumamosi inayokuja ni zamu yake ya kumwona mtoto. Kisha akaniomba tuombe. Akanishika mikono yote miwili, akainamisha kichwa, akaomba kimyakimya kwa muda mrefu, midomo yake ikitembea. Nilikuwa naangalia viatu vyake vya kazini. Alipomaliza nikaitika amina.

Kibali kikaja kwa posta siku ya Alhamisi ya wiki iliyofuata. Wakati huo gereji walikuwa wameshamweka mtu mwingine, na ile Jumamosi ya mtoto ilikuwa imepita. Jumapili nikampa Dwight nakala yake, akaitia kwenye faili lake akiwa ameridhika kabisa. Akasema, kwa yaliyotokea, kina mama wanaobeba silaha wapewe somo siku hiyohiyo baada ya ibada, na nani wa kulitoa kama si mimi. "Waonyeshe jinsi ya kutunza chuma chooni, Dada Nelda," alisema, "ili watu kama yule Lonnie wasipate mwanya."

Somo hilo wewe umeshanisikia nikilitoa, na ulikuwa ukinitania nalo mezani. Unaingia chooni, hutoi bastola kwenye ala, unashusha suruali na ala na vyote pamoja, vinakaa hapo katikati ya miguu yako ambapo huwezi kuondoka bila kuviona. Huiweki sakafuni. Huitundiki kwenye ndoano ya mlango. Na huiweki kamwe juu ya kisanduku cha karatasi. Walikuwa wanawake kumi na mmoja. Waliandika kwenye madaftari. Nilifundisha nusu saa nzima, Kaka, sikutetereka, na mmoja akaja kunikumbatia akasema amejifunza mengi.

Ile bastola ilikuwa yangu. Ni ile ya baba, yenye mti uliochubuka kwenye mshikio, uliyoniachia wewe kwa hiari yako tulipogawana vitu vyake. Siku ile mkanda ulikuwa unanibana, nikaitoa, nikaiweka juu ya kisanduku kile, mara nikasikia wameanza wimbo wa mwisho na mlango ulikuwa zamu yangu. Nikatoka mbio. Niligundua nilipopitisha mkono kiunoni, katika ubeti wa pili. Nikageuka kurudi, na nilipofika kona ya korido nikamwona Lonnie na Dwight wanatazamana. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwao. Dwight akaniuliza mimi wa kwanza, "Dada Nelda, yako unayo?" Nikajipiga kiunoni juu ya sweta, mahali patupu, nikasema ninayo.

Nimejitetea kwa namna nyingi usiku na mchana. Nilijiambia kwamba nikikiri sina kibali mkononi nitaonekana mhalifu, kwa hiyo nipate kibali kwanza, kisha nitakwenda kusema. Hilo ndilo lililonipeleka mbio kwa Yvonne Jumatatu. Lakini kibali kilipokuja Alhamisi nilikitia kwenye droo ya soksi, na Ijumaa nikafua mapazia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nangoja Lonnie aachiwe kwa njia nyingine ili nisiseme kamwe. Nimeona aibu hata mbele ya Kendra, ambaye hajui lolote na ananiwekea mkate wa mahindi motoni.

Jumatatu hii, siku moja baada ya kutoa somo, nilirudi kwa sherifu. Nilimweleza askari wa zamu yote, nikamweleza na ule mchubuko ulipo. Aliandika bila kuniangalia. Alisema huenda nikatozwa faini, huenda zaidi, mwendesha mashtaka ataamua. Nikamwachia kibali kipya mezani, hakuniomba. Kuhusu bastola ya baba, wakitaka kuirudisha nitawaambia wakuulize wewe. Mimi siichukui tena. Bryce nilimwambia jioni hiyo. Akaniuliza, "Na somo ulilifundisha kweli, mama?" Nikamwambia nililifundisha.

Jana mchana walimwachia Lonnie. Nilikwenda kumngoja. Betri ya gari la Bi. Opal ilikuwa imekufa, na kutoka mjini mpaka kwao ni maili tisa, nikamwambia Lonnie nitampeleka. Nilikuwa nimepanga maneno. Yeye ndiye aliyeanza, tulipopita kiwanda cha mbao. Alisema, bila ukali, kwamba alijua tangu mwanzo. "Nilikuona unatoka mle, mama. Nilikuwa nimesimama na ndoo yangu nangoja utoke." Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Ningekutaja, nani ananiamini? Wewe mwalimu, mimi mwizi wa dawa. Ungekana, halafu ningeonekana nimemsingizia mjane wa watu. Nilimwambia mama yangu tu, kwa simu, siku ileile." Kisha akaniomba nifungue dirisha kidogo, akaangalia nje mpaka tulipofika.

Bi. Opal alikuwa barazani mbele ya nyumba, na aproni ya shule bado mwilini. Alimkumbatia mwanawe kwa muda, akamwambia aingie, chakula kipo. Mimi nilibaki chini ya ngazi. Nikaanza kusema ninaomba radhi, akainua mkono nikanyamaza. Hakupaza sauti. Aliniambia, "Siku ile benchini, dada, nilikuwa namwomba Mungu akufungue mdomo. Nilikushika mikono, nikamwomba hilo moja tu. Nawe ukasema amina." Akaingia ndani, akafunga mlango polepole, nami nikasimama pale uani mpaka nikakumbuka gari langu limezuia njia yao.

Sina jingine la kukuandikia, Kaka. Usije wiki hii, tafadhali, hata kama goti linaruhusu. Nikimaliza ya Jumapili nitapokea simu. Nisalimie wifi Maxine, umsomee barua hii yote usimrukishie mahali, na watoto wenu wakiuliza habari za shangazi yao, waambie kama ilivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Nelda